Aliyengoja Swali la Pili

Saluni walimwita Chanuo, kwa sababu hata Jumapili, akiwa ndani ya joho la kwaya lililopigwa pasi likasimama lenyewe, lazima ungemkuta amechomeka chanuo kichwani kama karani na kalamu yake. Mchungaji alishamwonya kwamba madhabahuni si mahali pa vifaa vya kazi. Chanuo angelitoa, angelificha kwenye mkono wa joho, na pambio la kwanza likifika katikati, chanuo limesharudi kichwani.

Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini wateja hawakumfuata kwa ajili ya mkono. Walifuata masikio. Mwanamke akishakaa kwenye kigoda chini yake, kichwa kikabanwa magotini, hana pa kukimbilia mpaka nywele ziishe. Chanuo alianza taratibu.

"Habari, dada?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Wazima, tunamshukuru Mungu."

"Watoto?"

"Wapo, wanakula tu."

"Na baba yao?"

Hapo Chanuo angesuka mstari mmoja mzima bila kusema neno, kisha kutoka kule magotini ingepanda sauti ndogo: "Baba yao? Mh. We acha tu, mdogo wangu."

Basi hapo ndipo habari yenyewe imeanza. Yale ya mwanzo yote yalikuwa kufuta miguu mlangoni. Chanuo hakuona ajabu yoyote katika hilo. Swali la kwanza unajibu "nzuri" hata kama paa linaungua. Ukiulizwa tena, na ukaona muulizaji hajasogeza mguu, ndipo unatua mzigo. Mtu anayejibu ukweli kwenye swali la kwanza ni sawa na mgeni anayefikia chumbani.

Mtindo huo alilelewa nao. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa na maswali kuliko polisi. Chanuo hata akitumwa chumvi hapo jirani, akirudi lazima asalimiwe kana kwamba ametoka vitani. Za huko? Za njiani? Mwenye duka je? Mkewe je? Na wewe mwenyewe je? "Na wewe mwenyewe je" lilikuwa swali la mwisho, na bibi hakuliuliza mpaka umekaa chini.

Sasa, kanisa lao lilikuwa na kanisa dada ng'ambo. Kila baada ya miaka kadhaa vijana wa kule walikuja kuupaka rangi ukuta wa shule, ambao sisi tulikuwa tumeshaupaka, tukanyamaza wasijisikie vibaya. Kisha vijana wa huku walikwenda kule kuimba. Huko ndiko kubadilishana utamaduni: wao rangi, sisi sauti. Safari ya mwaka huo iliitwa Safari ya Furaha, na walichaguliwa sita.

Soprano alichaguliwa kwa koo lake, na urafiki wake na Chanuo ulikuwa wa kugawana hata hereni. Kinanda alichaguliwa kwa kuwa bila yeye hakuna muziki. Mapacha wawili, ambao hawakuwa mapacha wala ndugu, ila walisimama pamoja tangu shule ya Jumapili wakichungulia kitabu kimoja, walichaguliwa kwa sababu hakuna aliyejua kuwatenganisha. Mtoto wa Mzee alichaguliwa na Roho Mtakatifu, akisaidiwa kidogo na baba yake aliyekuwa mzee wa kanisa. Na Chanuo alichaguliwa kwa picha. Mtu alimpiga picha akiwa anacheka mpaka jino la mwisho, nayo ikawekwa kwenye bango la safari, neno FURAHA likipita chini ya kidevu chake. Ukweli ni kwamba alikuwa anamcheka Mtoto wa Mzee, aliyekalia benchi bovu wakati wa sala. Lakini bango halina mahali pa kueleza mambo kama hayo.

Bibi alimsindikiza mpaka mlangoni tu, mguu ulikuwa unamsumbua.

"Huko kwenye baridi wana ndara za manyoya za kuvaa ndani," alisema. "Niletee. Rangi yoyote, isiwe nyeusi. Sitaki miguu yangu ionekane inatoka mazikoni."

"Nitakuletea nyekundu, bibi."

"Nyekundu! Haya. Watasema nimepata bwana."

Wiki ya kwanza tu Chanuo alikuwa ameshazinunua, nyekundu kama pilipili, akazifungia kwenye sanduku.

Ng'ambo walitawanywa, kila mmoja kwa mwenyeji wake, ili utamaduni ubadilishwe kwa kina. Chanuo aliangukia kwa mama mmoja mstaafu aliyeishi peke yake ghorofani, kwenye jengo ambalo ngazi zake zilinuka sabuni na hazikuwa na mtu. Mama huyo maisha yake yote alikuwa akipanga ratiba za treni, na alipostaafu treni ziliendelea kupita humo humo ndani. Chai ilikuwa na muda wake, kuoga kulikuwa na muda wake, hata kukaa bila kufanya kitu kulikuwa na muda wake. Chanuo akambandika jina la Mama Saa.

Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alimpa taulo lenye herufi ya jina lake. Alimwachia rafu nzima kwenye friji. Kila asubuhi alimwuliza, kwa sauti ya upole kabisa:

"Umelalaje?"

"Vizuri," alijibu Chanuo, kwa ile lugha yao aliyoijua ya darasani, akakaa sawa kungoja swali linalofuata.

"Safi sana," alisema Mama Saa, na treni ya chai ikaondoka kituoni.

Mwanzoni Chanuo alidhani mama wa watu ana haraka. Kisha akagundua kuwa mji mzima ulikuwa hivyo. Waliuliza hali yako jinsi kondakta anavyochukua tiketi: anachana, anakurudishia kipande, anasonga kwa mwingine. Dereva wa basi aliuliza. Mwuza mkate aliuliza. Jirani kwenye ngazi aliuliza huku mgongo wake ukiwa umeshafika ghorofa ya juu. Kwa siku moja Chanuo aliulizwa hali kuliko alivyowahi kuulizwa kwa mwezi, na jioni, akiwa amekaa pembeni ya kitanda kwenye chumba ambacho ungeweza kusikia balbu ikiwaka, alijihisi kama hajaongea na mtu tangu azaliwe.

Mbele za watu wengi kulikuwa na furaha, ndiyo. Furaha ilikuwa kwenye ratiba. Kulikuwa na Alasiri ya Ngoma, ambapo waliletewa ngoma zilizonunuliwa duka la muziki, na hakuna kati yao aliyewahi kupiga ngoma. Kinanda alijifunzia muziki kwenye kinanda kibovu katika duka la vifaa vya umeme la baba yake.

"Pigeni tu," alinong'ona Mratibu wa safari. "Hawajui."

Wakapiga. Ilikuwa kama sufuria zinaanguka kutoka kabatini. Mzee mmoja alifuta machozi akasema amesikia udongo ukiongea.

"Udongo gani, na sisi tuko ghorofa ya pili?" Mtoto wa Mzee aliuliza, akapigwa kiwiko.

Mratibu huyu, mchungaji wa vijana, ndiye aliyeongoza msafara. Nyumbani alikuwa bingwa wa salamu. Alikuwa anakushika mkono nje ya kanisa, anaukalia mkono huo mpaka unamtajia hata mchumba ambaye mama yako hamjui. Lakini alipokanyaga ng'ambo, akanunua koti refu, akajifunza kutembea na kahawa ya kikombe cha karatasi, na salamu ikamfupika. "Vipi? Poa? Safi!" Na koti limeshapinda kona. Alikuwa amekuwa mwenyeji kuliko wenyeji.

Kuna jambo moja la kwaya yao lazima ulijue kabla hatujaendelea. Mwalimu wa kwaya kule nyumbani alikuwa mvivu wa kutunga. Alitunga wimbo mmoja mzuri, "Mlango u Wazi", akaona kazi yake duniani imeisha. Harusini waliuimba mbio, kwa makofi na kuzunguka. Makaburini waliuimba huo huo, maneno yale yale, ila polepole, miguu imetulia, sauti ya pili ikiguna chini. Siku moja Kinanda alitoka mazikoni akapitiliza harusini, mkono bado uko kule, akaanzisha ule wa polepole. Mama wa bibi harusi alikaa chini sakafuni na shela ya bintiye mkononi, akapiga yowe: "Nani? Nani jamani?" Bwana harusi mwenyewe alijipapasa kifua kuhakikisha yupo. Tangu hapo ikawa sheria: mwendo wa polepole hauguswi pasipo jeneza.

Alhamisi ya wiki ya mwisho Chanuo alikuwa chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha mashine za kufulia, akingoja joho lake lizunguke. Simu ikalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba. Aliubonyeza akitabasamu, maana mjomba alikuwa na tabia ya kurekodi akiwa anakula.

Safari hii hakuwa anakula.

"Mwanangu. Bibi yako ametutoka jana jioni. Tunamzika kesho. Usihangaike na mambo ya ndege, hutawahi. Mimi nashukuru kitu kimoja tu, kwamba hukwenda peke yako. Uko na watu wa Mungu. Watakukalisha chini, watakushika. Haya, ngoja nipokee watu, wanaingia."

Mjomba hakumpa pole, na hakukosea. Wote wawili walikuwa wamefiwa, walikuwa upande mmoja wa mkeka. Pole hutoka kwa anayekuja. Na mjomba alikuwa ameshasema nani atakuja.

Mashine ilizunguka. Mkono wa joho ulikuwa unajibandika kwenye kioo, unaondoka, unajibandika tena. Jirani mmoja akaingia na tenga la nguo.

"Hujambo?"

"Sijambo," alisema Chanuo.

"Vizuri," alisema jirani, akaanza kutenganisha soksi.

Utasema, kwa nini asiseme? Mdomo anao, lugha anayo. Lakini huko alikotoka, aliyefiwa hajitangazi. Hutangazwa. Wajomba wanapiga simu, jirani anapita nyumba kwa nyumba, mtu anamshika mabega anamkalisha chini, na kazi yake yeye inabaki moja tu, kulia na kujibu anayeuliza. Kusimama mwenyewe katikati ya watu wenye soksi mkononi ukasema "nimefiwa", hilo ni kama kujibeba mwenyewe mgongoni. Alijaribu kuliunda lile neno mdomoni. Halikupita. Akaamua kungoja mtu wa kwanza atakayemwuliza mara mbili. Katika watu wote hao wa Mungu, hawezi kukosekana mmoja.

Alipopanda juu, Mama Saa alikuwa anapanga vikombe.

"Naona una simu mkononi. Ulikuwa unaongea na nyumbani? Hawajambo?"

Chanuo akamgeukia. "Hawajambo," alisema, kwa sababu ndivyo inavyoanza. Akasimama mlangoni, macho kwa mama yule, akingoja.

"Nimefurahi kusikia," alisema Mama Saa, akaitazama saa yake. "Tunatoka baada ya chai."

Siku hiyo wote sita walikutana kwa mazoezi. Mratibu aligawa ratiba za ibada ya kuaga huku kahawa ikimwagika kidogo kwenye kila karatasi.

"Chanuo! Nyota ya bango! Vipi, poa?"

"Poa, mchungaji."

Alimshika Mratibu mkono akauacha hapo, kwa mtindo wake Mratibu mwenyewe wa zamani. Mratibu akautikisa, akautoa, akamwekea karatasi.

"Jumapili wewe ndiye unayeongoza 'Mlango u Wazi'. Nataka lile cheko. Watu wamelilipia cheko lile." Koti likapinda kona.

Jioni hiyo alifungua sanduku, akazitoa zile ndara nyekundu, akazivaa. Zilikuwa kubwa kwake, bibi alikuwa na miguu mipana. Akawa anatembea nazo chumbani, zinapiga sakafu, pap, pap, na kwa kufumba macho ungesema kuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Mama Saa alizisikia, akachungulia.

"Ah, umepata vya kukupasha miguu joto! Vizuri sana."

Ijumaa walikwenda kuimba kwenye nyumba ya kulelea wazee. Saa za huko na za nyumbani hazilingani, lakini Chanuo alikuwa ameshapiga hesabu: muda ule ule walipokuwa wanamshusha bibi, yeye alikuwa katikati ya ukumbi wenye viti vya magurudumu, anazunguka, anapiga makofi, "Mlango u wazi, ingieni nyote," mbio mbio, kama harusini. Alicheka pale pa kucheka. Alijua nyumbani wako ubeti huo huo, kwa mwendo mwingine. Bibi mmoja mzee alimshika kiganja asikiachie, akamkazia macho, na Chanuo akadhani, huyu. Huyu atauliza.

"Wewe ndiye uliyechukua miwani yangu?" aliuliza yule bibi.

Kwenye basi alikaa na Soprano. Walikuwa hawajakaa pamoja tangu wafike, na Soprano alikuwa amepaka wanja mwingi.

"Vipi, shoga?"

"Poa. Vipi wewe?"

"Poa tu. Za kwa Mama Saa?"

"Nzuri. Za kwa watu wako?"

"Wazuri jamani, wana mbwa, analala kitandani." Soprano alicheka kicheko kifupi, akageukia dirishani. Chanuo alifungua mdomo, lakini kituo cha Soprano kikawa kimefika, na mwenyeji wake alikuwa nje anapunga mikono yote miwili. "Tutaongea!" alisema Soprano akishuka. Mbwa alikuwepo pia.

Jumamosi haikuwa na ratiba. Chanuo alikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele, khanga mabegani, kama wanavyokaa wafiwa. Mlango aliuacha wazi makusudi. Mtu akipita atamwona, na akimwona hawezi kukosea: mtu mzima haketi chini namna ile bila sababu. Alikaa asubuhi nzima hivyo. Hakulia. Alikuwa akijiwekea akiba ya atakayekuja.

Mama Saa alipita na nguo za pasi. Akarudi nyuma. Akasimama mlangoni akimtazama kwa huzuni ya kweli, na Chanuo akainua uso.

Mama Saa akaenda sebuleni, akamletea kiti.

Akakiweka karibu yake kabisa, akakipigapiga kwa kiganja ili aelewe. Halafu akafikiri kidogo, akaenda kuongeza joto la nyumba. Chanuo akasema asante, akapanda kwenye kiti, akakaa na ndara zake nyekundu kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Jumapili kanisa lilijaa. Bango lilitundikwa mbele, kwa hiyo Chanuo aliingia akakutana na uso wake mwenyewe, mkubwa kama dirisha, unamcheka. Wenyeji wote sita walikuwa safu ya mbele, Mama Saa akiwa amewahi kuliko wote. Mratibu alikuwa pembeni yao, simu juu, anarekodi.

Kinanda akaanzisha, mbio, kama harusini. Mapacha wakaanza makofi. Zamu ya Chanuo ikafika, ikampita.

Kinanda akarudia utangulizi, akamkonyeza. Soprano akanong'ona bila kufungua midomo: "Ingia!"

Chanuo alivuta pumzi ya kuingia. Lililotoka halikuwa alilolikusudia. Lilikuwa lile lile, "Mlango u wazi", lakini lilitoka polepole, chini, miguu imetulia.

Vidole vya Kinanda vilisimama hewani. Akamtazama Chanuo. Hakukuwa na jeneza popote pale mbele. Kulikuwa na maua, na bango. Kanisa zima likadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Kisha Kinanda alishusha mikono na kumfuata, sauti moja moja, kama anayetembea nyuma ya watu waliobeba. Makofi ya Mapacha yakafa. Mtoto wa Mzee, ambaye hajawahi kuingia kwa wakati tangu aanze kuimba besi, aliingia kwa wakati. Soprano aliiacha sauti yake ya juu, akaja chini kwenye sauti ya pili, bega kwa bega na Chanuo, akaguna naye.

Kanisa lilipendezwa kupita kiasi. Watu walifumba macho. Wakawa wanayumba, wengine wanapiga makofi kwa upole kufuata mdundo, nyuso zimelainika. Mama mmoja aliinua mtoto wake ili aone. Safu ya mbele ni simu ya Mratibu tu iliyokuwa inashuka. Ilishuka mpaka kifuani, ikashuka mpaka pajani, na midomo yake ikawa inacheza: alikuwa anawahesabu vijana wake, mmoja mmoja, kuona nani amepungua.

Wimbo ulipoisha walipigiwa makofi wamesimama. Mchungaji mwenyeji alisema hajawahi kusikia furaha yenye utulivu namna ile. Mratibu hakungoja amalize. Alipanda madhabahuni na koti lake na kikombe chake cha kahawa, akamsogelea Chanuo.

"Nani?"

"Bibi."

Akamshika mabega. Kulikuwa na chumba nyuma ya madhabahu cha kuhifadhia viti, akamwingiza humo, na wengine watano wakafuata bila kuitwa. Mpiga picha wa kanisa alikuja mbio kwa ajili ya picha ya pamoja. Mratibu alimfungia mlango puani.

Mle ndani viti vilipangwa juu ya viti mpaka darini. Hakuna aliyeshusha hata kimoja. Soprano alimvua Chanuo viatu, akamkalisha sakafuni, wakakaa wote, majoho yamejaa chumba.

"Lini?" aliuliza Mratibu.

"Jumatano."

"Jumatano! Mbona Alhamisi nilikuuliza vipi, ukaniambia poa?"

"Si uliniuliza mara moja, mchungaji."

Mratibu aliangalia kikombe chake cha karatasi, akakiweka nyuma ya viti mahali kisipoonekana. "Pole," alisema. "Pole sana, mwanangu." Mapacha wakasema pole, kwa pamoja, kama wanasoma kitabu kimoja. Mtoto wa Mzee akasema pole. Soprano alikuwa analia kuliko mfiwa mwenyewe.

"Hata mimi," alisema Soprano, "hata mimi nalia kila siku bafuni, nafungulia maji wasisikie. Ulinisalimia kwenye basi nikasema poa. Mbwa yule namwogopa, jamani! Nalala nimebanwa ukutani!"

Mtu alicheka, nadhani Chanuo mwenyewe, na kwenye kucheka ndiko kilio kilikopatia njia. Walimwacha alie. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipofika mahali pa kupumua, Kinanda, ambaye hazungumzi sana, aliuliza swali ambalo hata mtoto kwao anajua kwamba huulizwa.

"Alikuwa anaumwa?"

Chanuo akajifuta kwa mkono wa joho. Yote haya alikuwa ameshayapata kutoka kwa mjomba, kipande kwa kipande, kwa jumbe za simu, na tangu Ijumaa alikuwa nayo tumboni.

"Jumatatu alilalamika mguu," alianza.

Alikuwa amefika Jumanne mchana, bibi amegoma kwenda hospitali mpaka apate mtu wa kumwachia kuku, mlango ulipofunguka. Alikuwa Mama Saa, na koti la Chanuo mkononi. Aliwatazama wote waliokaa chini, na viti vile vyote juu yao.

"Tumechelewa," alisema. "Kuna nini?"

"Bibi yake amefariki," alisema Soprano.

"Lakini alisema hawajambo."

Mama Saa aliitazama saa yake, kwa mazoea tu, maana hakuisoma. Akanyoosha mkono kwenye kiti cha juu, akakigusa, akakiachia. Kisha akaanza kushuka sakafuni. Magoti yalilia. Ikabidi Mapacha wamshike huku na huku, wamteremshe kama watu wanaoshusha kabati kwenye ngazi, mpaka akafika chini, koti la Chanuo amelipakata.

Aliyefika mwishoni huanziwa mwanzo, ndivyo ilivyo, hata kama hataelewa nusu yake. Chanuo akatafuta maneno kwenye ile lugha ya darasani, ambayo ilimfundisha kununua tiketi na kuelezea hali ya hewa, na haikuwahi kumfundisha hili.

"Jumatatu," alimwambia Mama Saa, "bibi yangu alilalamika mguu."